Jina Lisilo na Mwenyewe

Mwaka ule wa mgao wa stima, Linet alikuwa na mimba yake ya kwanza na hakutulia mahali. Jioni taa zikizimika mtaani kwao, alifunga mlango, akajitupia leso mabegani na kutoka. Hakutoka peke yake. Kwenye kila ploti walichomoza wanawake, wengine na watoto mgongoni, wengine bado wakinuka vitunguu vya mboga walizoziacha jikoni, wakaelekea kwa pamoja upande wa mji uliokuwa na mwangaza siku hiyo. Walibisha kwenye nyumba za watu wasiowajua. Wenye nyumba waliwafungulia bila kuwauliza shida yao, kwa maana Machakos nzima ilijua shida yao ni moja. Solemira.

Solemira alikuwa msichana wa kwenye televisheni, katika tamthilia iliyotoka Mexico na kutiwa Kiingereza kisichofuatana na midomo ya wasemaji. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika jumba la tajiri. Mama mwenye jumba hakujisumbua kujifunza jina lake. Alimwita kwa jina la mfanyakazi aliyemtangulia, na huyo aliyemtangulia naye alikuwa ameitwa vivyo hivyo. Hadi siku moja Solemira akaweka sinia chini katikati ya wageni, akasema, "Mimi naitwa Solemira," akatoka kwa lango kubwa, miguu mitupu, bila kugeuka nyuma.

Jioni ile wanawake walilia. Wengi walilia kwa sababu ya mchumba wa Solemira, kijana tajiri aliyebaki dirishani akimtazama. Linet alilia kwa sababu yake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Jina lake kamili lilikuwa Linet Nthenya. Linet alilipata kanisani. Nthenya alilipata kwa sababu haikuwezekana vingine. Alikuwa binti wa kwanza wa Laban, seremala wa upande wa Masii, na binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Ndivyo Wakamba walivyofanya tangu zamani na Laban hakuwa mtu wa kuanzisha mambo mapya. Lakini huyo Nthenya wa kwanza ndiye aliyeamka asubuhi moja, Laban akiwa bado mdogo asiyeweza hata kuchunga mbuzi, akachota maji, akapika uji, akaufunika, akaenda zake. Hakurudi.

Kwa hiyo Linet alikua ndani ya jina hilo kama mtoto aliyevishwa koti la mtu mzima. Akichelewa kutoka mtoni, shangazi zake walisema, "Mwangalieni, Nthenya mtupu." Akisimama tu kwenye lango la miti kutazama barabara, baba yake alitoka karakanani na randa mkononi: "Unaenda wapi?" Kulikuwa na siku baba alimwita "Nthenya" kwa sauti laini mno hata akaona haya, na siku nyingine kwa ukali usiolingana na kosa lolote, na siku zote hizo Linet alijua kwamba anayeitwa si yeye.

Na kibaya zaidi, miguu yake kweli haikutulia. Alikuja Machakos kujifunza kushona, akahama chumba kimoja hadi kingine, akatoka kwa fundi huyu akaenda kwa yule. Hata baada ya kuolewa, mara nyingine aliiacha cherehani katikati ya mshono, akatoka nje ya duka, akasimama tu kando ya barabara, moyo ukimwenda mbio kana kwamba kuna mahali alipopaswa kuwa. Hakujua kama hiyo ilikuwa tabia yake au alikabidhiwa pamoja na jina.

"Huyu wangu," alimwambia Mwanatumu siku moja, mkono juu ya tumbo, "nitamtafutia jina lisilo na mwenyewe."

Mwanatumu na mumewe Abdulghani walikuwa na hoteli ya pilau na chai karibu na msikiti. Walikuwa pia na jenereta, na mji ulipokuwa giza pande zote, wanawake walijaa humo. Abdulghani alinung'unika kwamba wanakalia viti saa nzima kwa kikombe kimoja cha chai, lakini ni yeye mwenyewe aliyeipandisha televisheni juu ya kabati ili wa nyuma waone.

"Lisilo na mwenyewe!" Mwanatumu alicheka. Kwao asili ni Lamu, na Kiswahili chake hakikuwa kimepoa hata baada ya vizazi viwili vya Ukambani. "Mwanangu, hilo utaliokota wapi? Mimi ni Mwanatumu wa tatu kwetu, wala sioni kama limenipunguza kimo."

"Hao wengine walikuwa watu wazuri?"

Mwanatumu akafikiri. "Mmoja alikuwa mchoyo."

Uchungu ulimshika Linet humo humo hotelini, kipindi kikiwa katikati. Alizishika kingo za meza akanyamaza, maana Solemira alikuwa akibisha mlango wa nyumba ya kupanga na ilibidi ijulikane kama atafunguliwa. Alifunguliwa. Hapo ndipo Mwanatumu aliposema, "Linet, mbona kiti chalowa?" Abdulghani alimwendesha hospitalini kwa pikapu yake, akipiga honi barabara nzima ingawa haikuwa na gari jingine.

Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, mwenye nywele nyingi. Mama wa kitanda cha pili naye alikuwa na msichana. Linet alimsikia akimwambia sista jina: Solemira. Mama wa dirishani akadakia kwamba na wake pia. Linet alihisi kama mtu aliyekuta nguo yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Lakini akajituliza: wao wamelipenda tu. Yeye alilihitaji.

Mumewe, Bonface Ndunda, alifanya kazi katika kiwanda cha vyuma huko Mavoko na alirudi nyumbani Jumamosi. Alifika wodini na ndizi mbivu, akamwinamia mtoto, akamnong'oneza, "Ndila. Karibu, Ndila." Hilo ni jina la mama yake.

"Hapana," Linet alisema. Hakuwa amepanga kulisema hivyo, mbele ya wodi nzima.

"Hapana nini?"

"Haitwi Ndila. Anaitwa Solemira."

Bonface alicheka, akidhani ni maneno ya uchovu. Kisha akauona uso wake. "Yule wa TV?"

"Ni jina tu, Bonface."

"Na mama nitamwambia nini? Kwamba amepitwa na mtu wa TV?"

Ndipo Linet alipomweleza habari ambazo hajawahi kumweleza zote: uji uliofunikwa, shangazi, baba na randa mlangoni. Bonface alimsikiliza akimenya ndizi ambayo hakuila.

"Lakini mama yangu hakumwacha mtu," alisema mwishowe.

"Najua. Ni mama mzuri. Lakini mtoto akiitwa Ndila, hata akikohoa mtaangalia kama anakohoa kama Ndila. Mimi nataka akohoe chake."

Bonface aliiweka ile ndizi pembeni. "Sawa," alisema. "Lakini mama utamwambia wewe. Mimi sitaweza."

Ndila alikuja wiki ile ile. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, muuza vyondo, vile vikapu vya katani, aliyezunguka masoko kutoka Masii hadi Matuu na kupita. Alikuja na kuku, unga wa wimbi, na uzi wa shanga alioutunga mwenyewe kwa ajili ya wajina wake. Aliketi, akamweka mtoto mapajani, akauliza, "Haya, nimwite nani?" Alikuwa akitabasamu, kwa maana jibu alilijua.

Linet akamwambia.

"Solemila," Ndila alijaribu. Ulimi wake wa Kikamba haukuwa na ile sauti ya r. "Solemila ni nani?"

"Si mtu, mwaitu," Linet alimjibu. Ndivyo alivyomwita mkwewe, mama. "Ni jina tu."

"Jina ni mtu. Amezikwa wapi?"

Bonface aliikodolea macho kalenda ya ukutani kana kwamba kuna siku aliyoipoteza humo. Ndila hakupaza sauti. Alimtazama mtoto, akamtazama tena.

"Basi kama hajulikani ametoka kwa nani, huyu ni mueni," alisema, yaani mgeni. "Na mgeni hafukuzwi." Akamvalisha zile shanga, akamrudisha kwa mama yake, akaondoka kabla chai haijachemka.

Linet alidhani hatarudi. Alirudi. Kila alipokuwa na mzigo wa kuleta Machakos alipita, akabwaga vyondo mlangoni na kuuliza, "Mueni yuko wapi?" Na mtoto, ambaye kwa jina la Solemira aligeuka akitaka, kwa sauti hiyo ya bibi yake aligeuka kila mara. Jambo hilo lilimchoma Linet, lakini ungemkataza vipi mtu kumwita mgeni mgeni?

Stima ikarudi, mvua ikanyesha, na Solemira akaenea mji mzima. Kulikuwa na saluni ya Solemira na msuko wa Solemira. Matatu moja ya kwenda Matuu ilichorwa sura yake ubavuni, nywele zikipepea hadi kwenye tairi la nyuma. Dukani kwa Linet wanawake walimiminika wakitaka gauni lenye marinda mabegani, lile alilovaa Solemira katika kipindi alichofikishwa kortini, na Linet aliyashona hadi akayaota. Alipompeleka mtoto kliniki, sista alitoa kichwa dirishani akaita, "Solemira!" na nusu ya benchi ikasimama. Wanawake walivunjika mbavu. Walishikana mikono kama wanachama wa chama kimoja. Linet alicheka nao, lakini alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, na hakujua ni nini kilichokuwa kinamwasha kifuani. Jina lisilo na mwenyewe lilikuwa limepata wenyewe wengi.

Kisha ikaja ile jioni.

Kwenye tamthilia, Solemira sasa alikuwa na mtoto wake mchanga. Yule mchumba tajiri alikuwa amerudi kumtaka, yeye, lakini bila mtoto. Wiki nzima mji ulibishana jinsi atakavyomjibu: wengine walisema atamzaba kofi, wengine atamfungia mlango. Linet alikwenda kwa Mwanatumu kukitazama kipindi, kwa mazoea tu, kwa maana nyumbani stima ilikuwapo. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

Solemira hakumzaba mtu kofi. Alimvisha mtoto, akamlisha, akamfunika vizuri, akamweka kwenye ngazi za nyumba ya watawa. Akaondoka bila kugeuka, muziki ukipigwa, hatua zile zile za siku ile ya lango kubwa.

Halafu mtu akarusha ndara, ikaipiga televisheni, na Abdulghani akaikumbatia kwa mwili wake akipiga kelele kwamba TV haina makosa. Wanawake walisema wote kwa pamoja. Linet alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa nguvu hadi mtoto akaanza kulia.

"Ni michezo ya Wazungu hiyo," Mwanatumu alimwambia, akimshika bega. "Hebu keti unywe maji."

"Amemlisha kwanza," Linet alisema. "Umeona? Amemlisha kwanza, ndio akaenda."

Mji ulichukua jambo hilo kama msiba ulioudhi. Lilizungumzwa sokoni, likahubiriwa kanisani. Magauni ya marinda yalibaki yamening'inia dukani, wenyewe hawakuja kuyachukua. Yule mtoto wa kitanda cha pili akawa Faith. Wa dirishani akawa Blessing. Wateja walipomwona Linet walimtania, "Mama Solemira, mtoto bado uko naye?" na wakacheka, bila ubaya wowote, na kila kicheko kilimwingia kama sindano ya cherehani kidoleni.

Alianza kuiogopa miguu yake. Ile tabia ya kutoka dukani na kusimama barabarani haikumwacha, ila sasa alipotoka alimbeba mtoto, hata kama ni kwa dakika mbili, hata kama amelala. Alikula akiwa amesimama. Aliamka akagusa godoro upande wa mtoto, akalala, akaamka tena.

"Linet, ni kipindi," Bonface alimwambia Jumamosi. "Kuna mtu aliandika."

"Hiyo ndiyo shida. Kuna mtu nisiyemjua ameketi mahali anaandika mtoto wangu ni nani."

Bonface aliinuka. Alimchukua mtoto akamtembeza nje.

Wiki iliyofuata Linet alifunga duka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda Masii. Alimkuta Ndila barazani akisuka chondo, nyuzi za katani zimemjaa miguuni.

"Wakya, mwiitu," Ndila alimwamkia; mwiitu, yaani binti.

"Aa," Linet aliitikia, na kwa kuogopa kwamba ujasiri utamponyoka, akasema papo hapo, "Mwaitu, nimekuja kumbadilisha jina. Aitwe Ndila."

Vidole vya Ndila havikusimama. "Mbona leo?"

Linet alikaza leso iliyomfunga mtoto.

"Sokoni tumesikia. Sinema imeharibika," Ndila alisema. "Sasa unataka unishone pale palipotoboka. Mimi si kiraka."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na kwa sababu hiyo yalimvunja Linet kabisa. Alijikuta amekaa chini kwenye katani, analia kwa sauti, mtoto akimvuta sikio kwa nyuma.

"Sikukataa jina lako, mwaitu," alisema alipoweza. "Nilikataa langu."

Akamwambia yote. Safari hii vidole vya Ndila vilisimama.

"Nthenya yupi huyo? Mama ya Laban seremala?"

"Ndiyo. Marehemu."

"Marehemu! Amezikwa na nani?" Ndila alimshangaa. "Nimeonana naye soko la Kithyoko mwezi uliopita. Anauza samaki. Chondo chake nimemsukia mimi."

Linet aliacha kulia. Kwao hakuna mtu aliyewahi kusema Nthenya amekufa; sasa ndipo alipogundua. Walimtaja tu kama wanavyotajwa waliokufa, naye akajazia mwenyewe.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nyinyi mlikuwa mmemzika. Siwezi kuja kwenu kufukua."

Linet alikwenda Kithyoko bila kumwambia mumewe wala baba yake. Soko lilikuwa limechangamka, jua kali, vumbi, na harufu ya samaki wa bwawani ikimwongoza mtu hata bila kuuliza. Wauzaji wote wa samaki walikuwa wameketi kwenye vigoda. Mmoja tu alikuwa amesimama, bibi mrefu, mkavu, akihamisha uzito mguu huu hadi mguu ule, na Linet akamwendea. Ni yeye. Hata kuketi hawezi. Miguu ni ile ile.

"Wakya," bibi alisema. "Nikupe wa kukaanga au wakavu?"

"Sitaki samaki. Mimi ni wa Laban. Wa Masii."

Bibi alikuwa akimfungia mteja samaki kwenye gazeti. Alimaliza kufunga. Akapokea, akahesabu chenji, akamshukuru mteja. Kisha akageuka.

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Basi unaitwa Nthenya."

"Ndiyo."

"Alilitoa jina langu," bibi alisema polepole, si kwa Linet. "Kumbe alilitoa."

Linet alikuwa amekuja na maswali mengi, ameyapanga njia nzima. Lililotoka lilikuwa moja. "Kwa nini ulienda?"

"Nilichoka."

"Watu wote huchoka, susu." Neno la bibi lilimtoka kabla hajalizuia.

"Ni kweli. Wengine hubaki." Bibi alifukuza nzi kwa tawi. "Nilidhani nitarudi jioni. Ilipofika jioni nikadhani kesho. Kisha nikaona aibu, na aibu ikakaa. Sina maelezo mengine. Ningekuwa nayo ningekupa, umetoka mbali."

Hasira ilimpanda Linet, hasira ya utoto wake wote. "Mimi nimetembea na miguu yako tangu nizaliwe! Hata kusimama getini nilikatazwa kwa sababu yako. Nikitoka nje kidogo naogopa kwamba sitarudi. Nakuona hapa, wenzako wameketi, wewe hutulii, na mimi ni hivyo hivyo!"

Bibi aliinama akaitazama miguu ya Linet, ndani ya viatu vya wazi, vumbi hadi kwenye vifundo. Aliitazama kwa makini kama anayechagua samaki. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha pua.

"Hii? Hii si yangu. Mimi sina hata kidole kimoja kilichonyooka, tazama." Akavua ndara. Ni kweli, vidole vyake vilikuwa vimepandana. "Hiyo umeitoa kwa mama yako. Na mimi hapa sisimami kwa kutotulia. Ni nyonga. Nikiketi kwenye hivi vigoda siinuki, hadi niinuliwe na watu wawili. Ningepata mahali pa kukaa ningekaa mchana kutwa."

Linet aliitazama miguu yake. Kitu kilichokuwa kimemkaza mabega miaka na miaka kilitikisika. Hakikuondoka chote, lakini kilitikisika, na akacheka na kulia kwa wakati mmoja katikati ya soko la samaki.

"Na huyu ni nani?" bibi aliuliza, akinyoosha kidole kwa mtoto.

"Mueni," Linet alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka kama jina. Mtoto aligeuka.

Bibi alimpa mtoto mkia wa samaki mkavu aunyonye. Walisimama hivyo muda, wakizungumza habari za mvua na bei za samaki, kwa maana yale mengine hayakuwa na mahali pa kushikwa. Linet alipoaga, bibi alisema, "Mwambie Laban—" akanyamaza. "Hapana. Usimwambie neno. Sina haki ya kumtumia mtu salamu."

Mtoto alibatizwa Mueni mwaka huo huo. Ndila alipoambiwa alitikisa kichwa akasema, "Nililisema kwa hasira, nyinyi mmelipeleka kanisani," lakini siku ya ubatizo alivaa viatu vipya na hakumwachia mtu mwingine kumbeba. Mwanatumu alileta sinia ya pilau, akauliza kama sasa mtoto amepata lile jina lisilo na mwenyewe. Linet alisema hajui. Alisema wacha mtoto akue, atalifanyia atakavyo. Bado alitoka nje ya duka mara kwa mara kusimama barabarani. Ila alianza kumwacha mtoto akilala kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia nguo, na akarudi, na akaona kwamba amerudi.

Kwa baba yake ilimchukua muda mrefu zaidi. Alikwenda siku moja karakanani kwake Masii, akamkuta akipiga randa mlango wa mtu, na akamwambia tu bila kuzunguka kwamba amemwona mama yake Kithyoko, yu hai, anauza samaki.

Laban hakuacha kupiga randa. Maranda yalijikunja yakaanguka, yakajikunja yakaanguka. Linet alisubiri amfukuze.

"Bado ni mrefu?" Laban aliuliza.

"Mrefu sana. Lakini nyonga inamsumbua. Anauza akiwa amesimama kutwa nzima, vigoda vya pale ni vifupi, akiketi hainuki."

Randa ikasimama. Laban alikwenda kwenye pembe alikorundika mbao zake, akaanza kuzitoa, moja moja, akizipinda, akizigonga kwa kifundo cha kidole, akizitupa. Hii ina ufa. Hii ni fupi. Hii ni ya mteja. Alitupa hadi sakafu ikajaa na mbwa akatoka nje. Mwishowe akapata kipande cha mgrevilea alichokiridhia, akachukua futi yake, akamwambia bintiye, "Simama wima."

Linet akasimama wima. Laban akapiga goti mbele yake, mzee mzima, akaishusha futi kutoka kiunoni hadi chini.

"Amekuzidi?"

"Kidogo. Kama hivi."

Akatia alama kwenye mbao kwa penseli, akairudisha penseli sikioni, akaiondoa tena, akaisogeza alama juu kidogo.

"Sijasema nitaenda," alisema, bila kuinua uso. "Usije ukawaambia watu kwamba nitaenda." Akaushika msumeno, akauweka. "Soko la huko ni siku gani?"